Gofu ya diski: anza na diski ya polepole

Kila mgeni ninayempeleka uwanja wa Oak Grove huja na swali moja: nirusheje ili ifike mbali? Jibu langu la kwanza ni kumwomba aiweke begini diski aliyokuja nayo. Mara nyingi ni ile yenye ukingo mpana na mkali, imeandikwa 12 au 13 mgongoni, na aliyemuuzia alimhakikishia kwamba namba kubwa ndiyo umbali. Mimi ni mwalimu wa mchezo huu, na ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwa anayeanza, ningesema hili: nunua diski ya polepole.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, ni gofu isiyo na fimbo wala mpira. Unarusha diski kutoka sehemu ya kuanzia, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka itulie ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo. Aliyemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Oak Grove uko ndani ya Hahamongna Watershed Park huko Pasadena, California, chini ya milima ya San Gabriel, jirani kabisa na JPL, maabara ya NASA (shirika la anga la Marekani) inayounda vyombo vya kwenda Mirihi. Kucheza ni bure. Uwanja ulianza 1975, na ndio wa kwanza wa kudumu duniani. Aliyeuanzisha ni Ed Headrick, mtu wa Wham-O, kampuni iliyokuwa ikitengeneza frisbii, ambaye tayari alikuwa ameiboresha frisbii kwa kuiwekea mistari ya duara mgongoni ili itulie hewani. Mwanzoni vikapu havikuwepo. Walilenga milingoti, na ubishi wa imegusa, haijagusa, haukuwa na mwisho. Ndipo Headrick akabuni kikapu cha minyororo, hataza yake ikatoka 1977. Ukikisikia kikilia "chwaa" diski inapoingia, utaelewa kwa nini watu wazima wanaamka alfajiri ya Jumapili kwa ajili ya kitu hiki.

Turudi kwenye diski. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walirusha diski zenye ukingo mnene wa mviringo. Mwaka 1983 Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya diski ya Innova, akatoa diski yenye ukingo uliochongwa, unaopasua hewa badala ya kuisukuma, na umbali ukaongezeka ghafla. Tangu hapo diski zimezidi kuwa kali, na leo nyingi huuzwa na namba nne mgongoni. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au zaidi. Ya pili ni kuelea. Ya tatu inaeleza diski itageukaje mwanzoni ikiwa bado mbio, na ya nne itakunjaje mwishoni ikichoka. Aviar, diski ya kumalizia inayojulikana sana, ni 2, 3, 0, 1. Destroyer, kipenzi cha wenye mikono yenye nguvu, ni 12, 5, -1, 3.

Namba ya kasi ndiyo inayopotosha wengi. Wanadhani ni kasi ambayo diski itawapa. La, ni kasi ambayo diski inadai kutoka kwako.

Chukua mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuupitisha mkono kifuani, kama wengi wanavyoanza. Diski yake, ukiitazama kutoka juu, inazunguka kufuata mishale ya saa. Ikiwa na kasi ya kutosha, hewa huibeba zaidi nyuma ya kitovu chake, yaani inataka kuiinamisha pua, ukingo wake wa mbele. Lakini kitu kinachozunguka hakitii moja kwa moja: sukuma kichwa cha pia inayozunguka na utaiona ikiyumba pembeni, siyo kule ulikoisukuma. Kwa diski yetu, msukumo wa kuinamisha pua unageuka kuwa kulala upande wa kulia. Kasi ikipungua, diski inaanza kushuka, hewa inaipiga kutoka chini, na mahali inapobebwa panahamia mbele ya kitovu. Sasa msukumo ni wa kuinua pua, na kwa sababu ileile diski inalala kushoto. Kwa hiyo mrusho kamili una umbo la S iliyonyooshwa: kulia kidogo, katikati, kisha kushoto inapotua.

Mkono wa mgeni haufikishi kasi ambayo Destroyer inadai. Kwake sehemu ya kwanza haitokei kabisa. Diski inatoka mkononi ikiwa tayari imechoka, inakunja kushoto papo hapo na kuzama vichakani. Yeye anadhani kosa ni shabaha, kwa hiyo mrusho unaofuata analenga kulia zaidi na kulikamua bega. Baada ya mwezi ana mtindo mbaya alioujenga kwa jitihada kubwa, na kuubomoa ni kazi yangu.

Mpe Aviar mtu huyohuyo. Kasi yake ndogo inaitosha, diski inanyooka, na kosa linaonekana wazi: ikitetemeka, mkono umeyumba wakati wa kuiachia, ikipanda juu na kusimama, pua ilikuwa imeinuliwa. Wengi wa wanafunzi wangu hurusha diski hii mbali zaidi kuliko ile kali waliyoiacha begini, na huwa hawaamini.

Halafu kuna miti. Oak Grove, kama jina lake linavyodokeza, ni mialoni: mizee, matawi yametambaa chini, njia kati yake ni nyembamba. Najua kwamba mrushaji David Wiggins Jr. alirusha mita 338 mwaka 2016, jangwani Nevada upepo ukimsaidia. Hapa shimo (ndivyo tunavyoita kila njia ya kuelekea kikapu) la mita 80 lina tawi katikati ya njia, na aliyerusha mita 50 zilizonyooka anacheka. Waliolenga mbali wako vichakani, na vichaka vya kusini mwa California vina mmea wa majani matatu matatu ambao ukikugusa utajikuna wiki nzima. Sheria inatoa dakika tatu za kutafuta diski iliyopotea. Mimi kwenye mmea ule sitafuti hata moja.

Ukifika ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, kuna sharti moja la ziada: baada ya kurusha lazima uonyeshe umesimama imara nyuma ya alama yako kabla ya kusogea mbele. Kuruka ukiwa karibu hivyo ni faulo. Mirusho hii mifupi ndiyo inayoamua mechi, na inachezwa na Aviar ileile.

Kingine ni kwamba bustani si yetu peke yetu. Hahamongna ina wapanda farasi, watoto, wazee na mbwa wao, na hakuna hata mmoja anayelazimika kujua kwamba amesimama kwenye njia ya shimo la tano. Tunasubiri wapite. Diski ya gramu 175 ikimpata mtu kichwani si jambo la "samahani sana", kwa hiyo kama huoni mwisho wa njia, mtume mwenzako mbele akuashirie. Hapo sina mjadala na mwanafunzi yeyote.

Wasomaji wa Dar, Mombasa au Bujumbura huniuliza wafanyeje bila vikapu. Fanyeni kama walivyofanya Oak Grove mwanzoni: mnazi mmoja, mlingoti wa goli, shina la mwembe, na mkubaliane kabla kugusa kunahesabiwa kuanzia kimo gani. Diski agizeni mbili za kumalizia zinazofanana, gramu 165 hadi 175, plastiki ya bei nafuu, kwa sababu inashika vizuri mkononi na haitelezi sana ikitua. Rangi iwe ya pinki au ya chungwa. Ya kijani mtaitafuta majanini mpaka giza liingie.