Mbunge anayekataa kodi ipunguzwe anataka nini?

Kusi linapokaza, mashua nyingi za Malindi hulala pwani na wenye mashua hushinda barazani. Julai 2025 nilikuwa nimeketi nao chini ya mkungu, karibu na banda la samaki, kijana mmoja alipotuonyesha kwenye simu yake kipande cha hotuba ya Hakeem Jeffries, kiongozi wa wabunge wa chama cha Democratic katika Bunge la Wawakilishi la Marekani. Tarehe 3 Julai mbunge huyo, anayetoka Brooklyn, alizungumza kwa saa 8 na dakika 44, muda ambao hakuna mbunge wa Bunge hilo aliyepata kuufikia kabla yake, akisoma barua za wananchi wanaotibiwa kwa bima ya serikali, ili kuupinga mswada uliopunguza kodi na kukata huduma kwa pigo moja. Nahodha mmoja mzee, ambaye mimi humwita ami, alisikiliza maelezo ya kijana mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye wa mahesabu. Huyu anakataa kodi ipunguzwe, na mlisema anakataa pia ushuru wa bidhaa upandishwe. Sasa anataka watu walipe au wasilipe?"

Nimefanya kazi ya fedha za umma kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwafundisha wananchi kusoma bajeti. Hata hivyo swali la ami sikuweza kulijibu kwa sentensi mbili. Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu nimelisikia tena na tena kutoka kwa watu wenye akili zao timamu, na kwa sababu msimamo wa mbunge yule, ambao kwa mbali unaonekana kujipinga, una hesabu moja ndani yake.

Tuanze na kodi yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2017 ilishusha kodi ya faida ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, na ikashusha pia viwango vya kodi ya mapato ya watu binafsi. Nafuu hiyo ya watu binafsi ilikuwa na ukomo, mwisho wa mwaka 2025, na sehemu kubwa ya mswada wa Julai ilikuwa kuifanya iwe ya kudumu. Mswada ulipita kwa kura 218 dhidi ya 214, na Rais Trump akautia saini tarehe 4 Julai. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo kazi yake ni kupiga hesabu za miswada bila kuegemea chama, ilikadiria kwamba sheria hiyo ingeongeza nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, kwa dola trilioni 3.4 katika miaka 10. Mwezi Agosti ofisi hiyo ilitoa hesabu nyingine, ambayo mimi huiona kuwa nzito kuliko ile ya kwanza: ukizipanga kaya za Marekani kwa mapato na kuzigawa mafungu kumi, fungu la chini kabisa lingepoteza takriban dola 1,200 kwa mwaka kwa kila kaya, na fungu la juu kabisa lingepata takriban dola 13,600.

Hasara ile ya watu wa chini haitokani na kodi, kwa sababu wengi wao hulipa kodi ndogo sana ya mapato au hawalipi kabisa, na kwa hiyo kodi ikishuka wao hawaguswi. Inatokana na kukatwa kwa bima ya matibabu iitwayo Medicaid na kwa msaada wa chakula. Mbunge anayesema "msipunguze kodi" katika hali kama hii hasemi kwamba mtu wa kipato cha chini aongezewe mzigo. Anasema kwamba nafuu ya mwenye nacho isilipiwe kwa dawa za asiye nacho. Ndivyo ninavyomwelewa, na nadhani ana haki.

Sasa ushuru. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Aprili 2, 2025, serikali ya Marekani ilitangaza ushuru wa kiasi hichohicho, asilimia 10, kwa bidhaa zinazotoka karibu kila nchi, Kenya ikiwemo, na baadhi ya nchi zikapangiwa viwango vya juu zaidi. Siku zile niliulizwa mara nyingi hapa Malindi kama Kenya ingepata pesa za kulipa. Kenya hailipi. Anayelipa ni mwagizaji wa kule, bandarini kwake, shehena inapoingia. Naye ama huila hasara hiyo, ama humbana muuzaji wa huku ashushe bei, ama, kama ilivyo kawaida ya biashara, humwongezea mnunuzi wake mzigo huo kwenye bei. Wanaoshona nguo katika viwanda vya Mombasa kwa ajili ya soko la Marekani huumia kwa njia ya pili, oda zinapopungua. Lakini mlipaji wa kwanza ni mwagizaji wa Marekani, na wa mwisho, mara nyingi, ni Mmarekani anayeingia dukani.

Ili ami anielewe, nilimpa mfano wa mchele. Wali tunaoula hapa pwani, siku za kawaida, kwa sehemu kubwa ni wa mchele wa Pakistani, na kwa kawaida Kenya huutoza ushuru wa asilimia 35. Tuseme gunia la kilo 25 limefika Kilindini kwa shilingi 2,000. Ushuru ni shilingi 700, kwa hiyo gunia linatoka bandarini likiwa na gharama ya shilingi 2,700 kabla ya lori, kabla ya ghala, kabla ya duka. Na kila mmoja wa hao huweka faida yake juu ya 2,700, si juu ya 2,000, hata ushuru wenyewe ukawa umezaa. Mama anayepika mahamri na mbaazi alfajiri ili apate shilingi 500 kwa siku, na mwenye hoteli ya ufukweni, wote wawili wakinunua kilo moja wamelipa ushuru sawasawa. Kwake mama huyo ushuru huo ni sehemu ya chakula cha wanawe, na kwa mwenye hoteli hauonekani hata kwenye daftari. Kodi ya mapato humwuliza mtu amepata kiasi gani kabla ya kumdai. Ushuru hauulizi.

Watu wa pwani hii wamezoea habari za ushuru kuliko wanavyodhani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani zinazoshushwa katika bandari za himaya yake. Katika bidhaa hizo kulikuwa na kitambaa kigumu cha pamba ambacho mpaka leo wazee wanakiita merikani. Nahodha alicheka nilipomkumbusha, akasema babake alizikwa katika sanda ya merikani.

Sisemi kwamba kila ushuru ni dhuluma. Seremala wa hapa anayetengeneza vitanda na milango ana haki ya kuomba kinga dhidi ya samani zinazoletwa kwa bei ya kutupa, na serikali yenye mpango wa kumkuza, wenye muda na kipimo, inaweza kumpa. Ushuru unaowekwa kwa karibu kila kitu kutoka karibu kila nchi haulindi seremala yeyote mahususi. Ni kodi ya matumizi iliyovaa jina jingine. Ukiiweka kodi hiyo ya matumizi mwaka uleule unaoshusha kodi ya mapato, umehamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine, na hapo ndipo misimamo miwili ya mbunge yule inapokutana.

Kuna na suala la nani mwenye mamlaka. Katiba ya Marekani inawapa wabunge uwezo wa kutoza ushuru, lakini ushuru ule wa Aprili ulitangazwa na rais kwa kutumia sheria ya dharura ya mwaka 1977, na mnamo Februari 2026 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo haimpi uwezo huo. Sisi tuna Kifungu cha 210 cha Katiba yetu, kinachosema kwamba hakuna kodi itakayotozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Neno "kusamehewa" limo humo kwa makusudi, nami huwaomba wanafunzi wangu walipigie mstari, kwa kuwa msamaha wa kodi kwa mmoja ni pengo ambalo mwingine ataliziba.

Upande wa huduma ndio unaoniuma zaidi. Sheria ya Julai 2025 haikuwaambia wagonjwa wa Medicaid kwamba wamefukuzwa. Iliweka sharti kwamba watu wazima wengi wenye bima hiyo wathibitishe kuwa wanafanya kazi, au shughuli inayokubalika, kwa saa 80 kila mwezi. Anayefanya kazi lakini akashindwa na fomu hupoteza bima sawa na asiyefanya. Kwa makadirio ya ofisi ileile ya bajeti, ukijumlisha mabadiliko yote ya sheria hiyo, watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo mwaka 2034. Mvuvi wa Malindi hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya hapa Kenya, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali: nyumba yako ina ukuta wa nini, unapikia nini, choo chako ni cha namna gani. Nimekaa na mwanamke mmoja, simu mkononi, tukiyajibu maswali hayo moja baada ya jingine, na mwisho kikatoka kiwango cha mwaka mzima ambacho alitakiwa akilipe kwa mkupuo mmoja. Aliitazama ile namba kwa muda, akaifunga simu kwa khanga, akaondoka. Katika takwimu za serikali, ambaye hakulipa ni ambaye hakulipa tu.

Na huduma zikikatwa kule, upepo wake hufika huku. Januari 20, 2025, misaada ya Marekani kwa nchi za nje ilisimamishwa kwa siku 90 ili ikaguliwe. Katika kliniki moja ya eneo letu, ambayo sitaitaja, wafanyakazi waliokuwa wakilipwa na mradi wa Wamarekani waliambiwa wasije kazini mpaka watakapoarifiwa. Nilifika wiki iliyofuata kwa shughuli nyingine. Kwenye benchi ambalo huketi watu watano walikuwa wamebanana tisa, wengine wamesimama, na muuguzi mmoja alikuwa akitafuta mafaili, akipima uzito na kugawa dawa za mwezi, kazi zote tatu peke yake. Dawa za watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini zimetegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, tangu uanzishwe mwaka 2003. Serikali ya Trump iliomba baadaye kufuta dola bilioni 9.4 ambazo Bunge lilikuwa limekwisha kuziidhinisha, na ndani yake zilikuwamo dola milioni 400 za PEPFAR. Maseneta kadhaa, wakiwemo wa chama cha rais mwenyewe, walizikatalia hizo milioni 400 zisiguswe, nazo zikaondolewa kwenye mswada. Anayeniuliza upinzani wa mbunge unasaidia nini, mimi humwonyesha hizo milioni 400.

Ami hakuridhika upesi. Alinikumbusha kwamba Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa, mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, na akataka kujua kwa nini kukataa kodi kulikuwa kuzuri kwetu na ni kubaya kwa Wamarekani. Ni hoja nzito, nami naikubali kwa kiasi chake. Kuondolewa kwa mswada ule kuliacha pengo la shilingi bilioni 346, na pengo la bajeti halina njia za kuzibwa isipokuwa tatu: kodi nyingine, mkopo, au kukata matumizi. Tulipofurahi tulipaswa siku ileile kuuliza ni matumizi gani yatakatwa. Wengi wetu hatukuuliza. Lakini kodi tulizozikataa zilikuwa za aina ya mchele, zikimwangukia kila mtu kwa kiasi kimoja: mkate, mafuta ya kupikia, kutuma pesa kwa simu. Kuzikataa hizo, na kuikataa nafuu ya mwenye kampuni kubwa inayolipiwa kwa kliniki, kunatoka katika kanuni moja ya nani anaweza kubeba nini, na kanuni hiyo imeandikwa katika Kifungu cha 201 cha Katiba yetu, kinachotaka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

"Basi na petroli?" akauliza. Alikuwa na sababu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, naye mashine ya mashua yake hula petroli hata siku anayorudi na ndoo tupu. Mashua isiyopata samaki imelipa kodi sawa na iliyojaza.

Tulichukua kalenda ya mwaka uliopita, tukaigeuza nyuma, nikachora safu tatu: nani analipa, nani anapunguziwa, huduma gani inaondoka. Mswada wa Fedha hutakiwa uwasilishwe bungeni kabla ya Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30, na katikati ya tarehe hizo mwananchi yeyote anaweza kupeleka maoni yake kwa maandishi kwa Karani wa Bunge. Ami alitaka barua iandikwe kwa Kiswahili, iwe na majina ya manahodha wote wa baraza lile, na isomwe kwa sauti kabla haijatumwa. Mstari wa kwanza unahusu petroli.