Kushusha injini nyumbani: yanayosemwa na yalivyo kweli

Mtu akisema anataka kushusha injini mwenyewe nyumbani anaambiwa mambo mawili, ama haiwezekani kabisa bila gereji kubwa, ama ni kufungua nati tu unanyanyua unaweka nyingine umemaliza. Yote si kweli, na hilo la pili ndo linaua injini na kuumiza watu, kwa hiyo ngoja nizichambue zile dhana ninazozisikia sana.

Kabla hata hujashika spana kuna hii: "gari inatoa moshi wa bluu, injini imekufa". Jamani hapana. Moshi wa bluu ni oili inaungua, sawa, lakini oili inaweza kupita kwenye sili za valvu zilizokauka, au ile valvu ndogo ya kupumulia injini imeziba, na hivyo vyote kwa gari nyingi vinabadilishwa injini ikiwa palepale ilipo. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, silinda moja moja kwanza. Ukikuta silinda iko chini, tia oili kidogo kupitia tundu la plagi upime tena, ikipanda kwa nguvu basi shida iko kwenye ringi za pistoni, isipopanda angalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Watu wanashusha injini nzima kwa kitu ambacho hiki kipimo kingekionyesha mapema kabisa.

"Kreni imeandikwa tani 2 basi inabeba tani 2." Inabeba hizo tani 2 mkono wake ukiwa umerudishwa ndani mpaka mwisho. Ukiuvuta nje ili ufikie injini uwezo unashuka, na kreni nyingi za aina hiyo kwenye tundu la mwisho zinabaki na nusu tani tu, imeandikwa pale pale kwenye mkono watu hawasomi. Injini ndogo ya silinda 4 ya aluminiamu ni kama kilo 100 hadi 150, lakini V8 ya chuma ikiwa na gia boksi yake inapita kilo 300 bila shida. Na ukishaitoa iteremshe chini kabisa ndo uisogeze kreni, maana injini ikiwa juu tairi dogo likinasa kwenye ufa wa sakafu kreni inapinduka. Kuna wanaofunga chein bloku, ile ya kunyanyulia kwa mnyororo, kwenye mbao za paa, hizo mbao ziliwekwa kubeba paa, usifanye hivyo. Chini ya gari nako ni stendi, jeki ni ya kunyanyulia tu.

"Lazima umwage gesi ya AC." Mara nyingi huhitaji. Fungua kompresa na paipu zake zikiwa zimefungwa vilevile, ivute pembeni uifunge kwa waya kwenye bodi isining'inie kwa paipu. Gesi hiyo ikikurukia inaunguza ngozi kwa baridi, na kuiachia hewani nchi nyingi ni kosa kisheria.

Na si kila injini inatokea juu. Gari nyingi za kuvuta mbele injini inashuka chini pamoja na gia boksi na ile fremu ndogo inayoibeba, halafu bodi ndo inanyanyuliwa, ukilazimisha juu utakwaruza kila kitu bure. Angalia manyuo, kile kitabu cha maelekezo ya ufundi, ya gari yako.

Sasa hii ndo kubwa: "gia boksi ikikataa kukutana na injini, ivute kwa bolti itaingia". Hapana hapana hapana. Kwenye otomatiki kuna toki konveta, lile bakuli zito la chuma, na ndani ya gia boksi lina hatua mbili tatu za kuingia, kila hatua ina meno yake, na ya mwisho ni ile inayoshika pampu ya oili ya gia. Unaisukuma kwa viganja viwili huku unaizungusha pole pole, unasikia "tok" inazama, unaendelea kuzungusha, "tok" nyingine, na wengi wanaishia hapo kwenye ya pili wakidhani imefika. Weka rula ya chuma ikatize mdomo wa gia boksi, pima kutoka kwenye rula mpaka kwenye konveta, linganisha na manyuo. Gia boksi inatakiwa igusane na injini pande zote kwa mkono tu, bolti zikiwa bado hazijakazwa, na konveta ibaki inazunguka kwa vidole ikiwa na nafasi ya milimita chache kabla ya kufika kwenye flaiwili, ile sahani ya nyuma ya injini. Ukiikuta haizungukisiki, simama, rudisha nyuma. Ukikaza hivyo hivyo unaiponda pampu, gia boksi nzima inakufa siku hiyo hiyo na utalaumu injini mpya. Kwa gia za mkono shida ni nyingine, pleti ya klachi ikae katikati kwa kifaa chake na usiache uzito wa gia boksi uning'inie kwenye shafti. Zile pini za kuelekezea kati ya injini na gia boksi pia zihamishe kutoka injini ya zamani, zinasahaulika sana.

"Namba ya aina ya injini ikifanana inaingia tu." Sampu, lile bakuli la oili la chini, inaweza kuwa na umbo jingine, sensa ziko kwingine, maunti za kushikia injini tofauti. Ziweke mbili chini kwa pamoja uzilinganishe, na kwa kawaida ni salama zaidi kubaki na waya na kontroo boksi (kompyuta ya injini) ya gari lako, kwa sababu ufunguo wako unatambuliwa na hiyo. Na injini ikiwa hewani ndo wakati wa sili ya nyuma ya krenkshafti, taiming belti na pampu ya maji, kesho zitakuwa kazi ngumu.

Kama ya zamani ilikufa kwa kula beringi, chembe za chuma bado zimejificha kwenye kipoza oili na paipu zake, kuosha hakutoshi, badilisha kipoza.

Mwisho watu wanasema "washa tu". Kwanza rudisha ule waya wa ethi kati ya injini na bodi, ukisahau umeme wa stata unatafuta njia kupitia kebo nyembamba na zinaweza kuungua. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde chache chache na mapumziko mpaka taa ya oili izime, ndo uwashe kweli, hita ya ndani ya gari ikiwa imewekwa kwenye joto ili hewa itoke kwenye maji. Baada ya safari za mwanzo mwaga oili mapema, kata filta, ikunjue karatasi yake kwenye mwanga. Kwa injini iliyofanyiwa ovahoo, yaani iliyofunguliwa na kutengenezwa upya, vumbi laini la kijivu ni kawaida, lakini vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha vikionekana, gari lisitoke tena mpaka ujue vimetoka wapi.