Daraja la Mawe la Minneapolis: Saruji Isiingie Kwenye Viungo

Daraja la reli la Stone Arch mjini Minneapolis, Marekani, lilikamilika mwaka 1883 kwa ajili ya treni za James J. Hill, tajiri wa reli. Lina urefu wa takriban mita 640 na lilivuka mto Mississippi kwa matao 23 ya mawe ya chokaa na itale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 matao mawili yaliondolewa, pakawekwa chuma ili vyombo vya majini vipite. Tangu 1994 hutumiwa na waenda kwa miguu na baiskeli.

Tao haliogopi uzito: kila jiwe hulisukumia jirani yake mzigo mpaka ufike kwenye nguzo, na jiwe huhimili sana kubanwa. Linaloliua ni maji. Hupenya kutoka juu kwenye kifusi kilichojazwa juu ya matao, yakatokea viungoni, yaani kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na uso wa jiwe hubanduka. Huko chini, mkondo huchimba misingi. Mafuriko ya 1965 yaliziharibu nguzo za daraja hili.

Ndiyo maana ukarabati huanzia juu: mifereji izibuliwe na tabaka la kuzuia maji lirekebishwe kabla ya kugusa kiungo hata kimoja. Kisha mota (mchanganyiko unaojaza viungo na kushikanisha mawe) iliyochakaa ikwanguliwe kwa patasi hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Kiungo cha milimita 15 kinadai milimita 30. Mashine ya kukatia ikiteleza, kingo za jiwe zimeharibika moja kwa moja. Lowanisha kiungo, kijaze sehemu 1 ya chokaa kwa 2.5 hadi 3 za mchanga, tabaka kwa tabaka, ukishindilia. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, na usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.

Kosa baya kuliko yote ni kutumia saruji. Ni ngumu kuliko jiwe la chokaa na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe na kuacha chumvi humo. Baada ya misimu kadhaa utakuta saruji nzima imechomoza, jiwe limeliwa juu na chini yake. Mota sharti iwe dhaifu kuliko jiwe, kwa sababu mota hujazwa upya.

Mmea ukiota kiungoni, usiung'oe: mizizi hutoka na mawe. Ukatwe, mzizi uuawe, ndipo kiungo kijazwe.