Doctor Doom na desimali zilizokosewa: kiburi cha mtu mwenye akili nyingi

Vijana ninaozungumza nao hapa Kisumu, wengi wao wa kidato cha tatu na cha nne na wachache wa vyuo, wana msimamo mmoja kuhusu Doctor Doom, mfalme wa nchi ya kubuni ya Latveria na adui wa kikosi cha mashujaa cha Fantastic Four katika katuni za Marvel: kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hawaoni haya kuniambia. “Madam, jamaa ana akili kuliko wote, nchi yake haina njaa, kosa lake ni lipi?” Tangu Julai 2024, Marvel ilipotangaza kwamba Robert Downey Jr. ndiye atakayemwigiza kwenye sinema, swali hilo limenifikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona linastahili jibu la maandishi. Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vijana werevu waliozoea kuongoza darasa. Huyu adui wa vitabu vya katuni nimemfikiria kwa dhati, kama ninavyomfikiria mtu aliyeketi mbele yangu.

Ninachoamini ni hiki: kiburi chake hakikuzaliwa na kujiamini kupita kiasi. Kimezaliwa na fedheha, na akili zake zote zimeajiriwa kuilinda fedheha hiyo isije ikaonekana.

Doom ni kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, katika toleo la 5 la Fantastic Four, na mwaka 1964 waandishi hao hao wakasimulia alikotoka. Jina lake ni Victor von Doom, mtoto wa Waromani, watu wa kuhamahama waliodharauliwa kila walikopita Ulaya. Mama yake, Cynthia, alikuwa mchawi na alikufa Victor akiwa mdogo. Baba yake, Werner, alikuwa mganga. Aliitwa kumtibu mke wa mtawala, mama yule akafa, ikabidi Werner atoroke na mwanawe milimani wakati wa baridi kali. Alimfunika mtoto kwa nguo zake mwenyewe, naye akafa kwa baridi. Kijana akakua na vitu viwili: kipaji cha ajabu cha kuunda mitambo, na kiapo cha kulipiza kisasi. Kipaji ndicho kilichompeleka chuo kikuu Marekani.

Huko chuoni ndiko ninakowapeleka vijana wangu. Reed Richards, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na akili kama zake na ambaye baadaye aliongoza Fantastic Four, anaziona karatasi zake za hesabu na kumwambia kwamba desimali kadhaa haziko sawa. Victor anamfukuza chumbani. Mtambo alioupigia hesabu hizo ulikuwa wa kumwezesha kuwasiliana na mama yake huko aliko baada ya kufa. Anauwasha vilevile ulivyo, unalipuka, uso wake unaumia, chuo kinamfukuza. Kuanzia siku hiyo, maisha yake yote ni kumwandama Reed Richards.

Desimali kadhaa. Kuzikagua ni kazi ya dakika chache, na mtu anayepigania roho ya mama yake angepaswa kuwa wa kwanza kukagua. Kwa nini hakukagua? Kwa sababu wapo watu ambao thamani yao nzima imening'inia kwenye jambo moja: kutokosea. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba hapa pamekosewa, yeye hasikii habari za hesabu. Anasikia kwamba hana haki ya kuwepo. Heinz Kohut, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Chicago, aliandika mwaka 1972 kuhusu ghadhabu ya namna hii, na maelezo yake bado ni bora kuliko mengi niliyosoma. Hasira ya kawaida ina lengo. Ukipata unachodai, inatulia. Ghadhabu ya mtu aliyejeruhiwa kwenye picha yake ya nafsi haitulii, maana inachotaka ni kufuta kabisa ushahidi kwamba aliwahi kuonekana mdogo. Anayeubeba ushahidi huo ni yule aliyemwona. Kwa hiyo Reed hatakiwi kushindwa tu. Anatakiwa asiwe amewahi kuwa sahihi.

Nimeiona sura ndogo ya jambo hili mara nyingi. Kijana anarudishiwa karatasi ya hisabati yenye 96 kwa 100. Macho yake hayasimami kwenye 96. Yanashuka moja kwa moja hadi kwenye mstari wenye wino mwekundu, kisha anaikunja karatasi mara mbili, haraka, kabla jirani wa dawati hajaona. Jioni atakuambia mwalimu amesahihisha vibaya. Wiki nzima atamchukia mwalimu huyo, na akili aliyopewa na Mungu ataitumia kujenga hoja za kuonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Hoja zenyewe huwa nzuri! Hapo ndipo akili nyingi inapokuwa hatari. Mtu wa akili za wastani akijidanganya, uongo wake huanguka mapema. Mwerevu hujenga uongo wenye nguzo, dari na milango, akahamia ndani.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ukatili hutoka kwa mtu anayejidharau. Brad Bushman na Roy Baumeister waliupima uhusiano huo katika utafiti waliouchapisha mwaka 1998. Washiriki waliandika insha, wengine wakasifiwa na wengine wakaambiwa kazi yao ni mbovu, kisha wakaingizwa kwenye mchezo wa kushindana ambamo waliweza kumpigia mpinzani kelele kubwa masikioni. Waliopiga kelele kali zaidi walikuwa wale wenye majivuno ya kupita kiasi waliokuwa wametukanwa. Na waliielekeza kwa nani? Kwa yule aliyewakosoa. Mtu mwingine asiyehusika hawakumkamia hivyo. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka Doom mara moja. Dunia ya Marvel imejaa mashujaa ambao angeweza kuwaonea wivu, lakini anamrudia yule yule mmoja wa desimali.

Halafu kuna barakoa. Baada ya kufukuzwa alitangatanga hadi Tibet, akakutana na watawa waliomtengenezea vazi la chuma. Barakoa ilipokamilika haikuwa imepoa, naye akaamuru wamvike hivyo hivyo. Jack Kirby alieleza baadaye kwamba yeye aliliwazia kovu la mlipuko kuwa dogo tu, na mwaka 1985 John Byrne alichora hivyo: kovu lilikuwa jembamba, na kilichouharibu uso kabisa ni chuma cha moto alichojivika mwenyewe. Katika fasihi yote ya katuni sijaona picha inayoeleza aibu vizuri kuliko hiyo. Kovu ambalo wengine wasingelitazama mara mbili, yeye hakuweza kulivumilia. Akaliziba kwa kitu kilichomuunguza zaidi ya kovu lenyewe, na tangu hapo hakuna aruhusiwaye kumwona.

Wasomaji wa huku kwetu watamkumbuka Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na jiwe lake linaonyeshwa hadi leo katika kaunti hii. Mkuki haukumwingia, lakini nguvu zake zote zilikuwa kwenye kivuli. Aliugua akiwa nyumbani, akamwambia mkewe achanje kivuli ndipo dawa ifanye kazi, naye mkewe, aliyetoka kwa maadui zake, akaipeleka siri hiyo kwa watu wake, nayo ndiyo iliyomuua. Namtaja kwa sababu ya tofauti yao. Magere alipoumwa alimwonyesha mtu mahali anapoumia. Kulimgharimu uhai, lakini alikuwa mtu anayeweza kusema “niguse hapa.” Doom hana mahali hapo. Hata Boris, mzee aliyemlea baada ya baba yake kufa, ni mtumishi wake.

Tazama pia cheo chake. Anaitwa Doctor, ilhali alifukuzwa kabla ya kuhitimu. Katika mji kama wetu jambo hili linaeleweka bila maelezo marefu. Nenda mazishi yoyote Seme au Nyakach usikilize anayeongoza ratiba: hakuna daktari wala injinia atakayetajwa bila cheo chake, na ole wako ukikisahau. Sioni ubaya wa kuheshimu usomi. Umeinua familia nyingi hapa. Ninachosema ni kwamba Doom alinyimwa cheti na watu waliomwona akikosea, naye akajitunuku cheo hicho ili jambo hilo lisiwe limetokea.

Na roboti zake! Ana roboti zinazofanana naye kabisa, na kwa miaka mingi waandishi wamezitumia hivi: Doom akishindwa vibaya, baadaye tunaambiwa hakuwa yeye, ilikuwa roboti. Najua ni njia ya waandishi ya kujinasua. Hata hivyo inamfaa mhusika huyu kuliko mwingine yeyote. Ushindi ni wake, kushindwa ni kwa mashine. Kila mmoja wetu anafanya hivyo kidogo: nikifaulu ni bidii yangu, nikifeli mtihani ulikuwa mgumu. Yeye ameliundia kiwanda.

Watu huniuliza pia kwa nini anajitaja kwa jina lake, “Doom hivi, Doom vile.” Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kujisemesha kimoyomoyo kwa kutumia jina lako kunaweza kukupunguzia wasiwasi, maana unajitazama kwa mbali kidogo. Doom hajisemeshi. Anatangaza. Wasikilizaji ndio wanaotakiwa kusogea mbali.

Sasa nirudi kwa wanaosema nchi yake haina njaa. Ni kweli, katika hadithi nyingi Latveria ina amani na watu wanakula. Lakini muulize raia wa Latveria kama anaweza kumwambia mfalme wake kwamba desimali haziko sawa. Nchi nzima imejengwa ili sentensi hiyo isitamkwe tena. Mtawala asiyeambiwa alipokosea atakosea kwa ukubwa wa nchi, hata awe na akili kiasi gani, na sisi Wakenya hatuhitaji kitabu cha katuni kutufundisha hilo.

Mahali panaponitatiza ni kitabu cha mwaka 1989 cha Roger Stern na Mike Mignola. Roho ya mama yake Doom imeshikwa na Mephisto, shetani wa katuni hizo, na Doom anaomba msaada wa Doctor Strange, shujaa mwenye nguvu za uchawi. Wakifika huko, anaonekana kumuuza Strange ili mama yake aachiliwe. Mama anachukizwa na mwanawe, anaukataa wokovu wa namna hiyo, na kwa kukataa huko roho yake inatakasika na kuwa huru. Doom alikuwa amepanga iwe hivyo. Alikubali mama yake aondoke akimchukia, ilimradi aokoke. Mtu anayejipenda tu hawezi kufanya hivyo. Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba upendo umo ndani yake, kamili kabisa. Kilichokufa ni uwezo wa kupendwa akiwa anaonekana. Angeweza kumweleza mama yake kabla. Angeweza kumwomba Strange waigize pamoja. Alichagua njia ambayo hakuna mtu angemwona akihitaji kitu.

Mzazi akisoma haya atauliza: je, mwanangu naye? Eddie Brummelman na wenzake waliwafuatilia watoto 565 nchini Uholanzi pamoja na wazazi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Watoto ambao wazazi waliwaona kuwa bora na wa kipekee kuliko wengine ndio walioelekea kwenye majivuno. Waliopewa upendo wa kawaida, wa kukumbatiwa na kusikilizwa, walikuza kujithamini. Ni vitu viwili tofauti. Siku ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, tunabeba watoto mabegani, nyimbo zinaimbwa, kamera zinawaka, nami nafurahi pamoja nao. Ninayemtafuta kwa macho siku hiyo ni yule aliyebebwa mwaka wa darasa la nane na sasa amepata B. Yule anayeweza kuingia nyumbani, akavua viatu, akakuta chakula chake kimefunikwa mezani kama jana, huwa sina hofu naye.

Tafadhali usichukue makala hii ukambandike jina bosi wako au shemeji yako. Kiburi ni tabia, na wengi tunayo. Hitilafu ya haiba inayoitwa unarsisi, yaani kujitukuza kulikopindukia, iliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwongozo wa sasa unaorodhesha dalili tisa, na zinahitajika angalau tano, zilizodumu na kuvuruga maisha, zikapimwa na mtaalamu aliyekaa na mtu huyo.

Je, mtu kama Doom anaweza kupona? Hakuna dawa ya kumeza kwa tatizo hili. Watu hawa hawaji kwetu wakisema wana kiburi; wanakuja kwa sababu ndoa imevunjika, kazi imeota mbawa, au hawalali usiku. Ukimshambulia mapema atainuka aende. Ukimsifu ili akupende, umekuwa Boris. Kazi ni kukaa naye hadi aweze kusema jambo dogo lililomshinda, mbele ya mtu mwingine, na aone kwamba bado ameketi kwenye kiti chake. Katika mfululizo wa Secret Wars wa Jonathan Hickman, ulioanza mwaka 2015, Doom ameupata uungu wenyewe, na bado anavaa barakoa. Mwishoni anakiri mbele ya Reed kwamba Reed angeifanya kazi ile ya uungu vizuri zaidi. Baadaye uso wake unaponywa, na aliyeuponya ni Reed. Ilimchukua miaka zaidi ya hamsini ya kuchapishwa kufika kwenye sentensi hiyo. Wateja wangu huwa wananiuliza kama inaweza kuchukua miezi mitatu, nami huwaambia ukweli: mitatu ya kwanza itaisha tukizungumza habari za watu wengine waliowakosea.