Je, wajua kwa nini mfalme aliyebaki peke yake anaweza kulazimisha sare?

Tuseme wachezaji wawili wa klabu wanacheza sataranji barazani, karibu na ngome ya Lamu. Mwenye nyeusi kabaki na mfalme mtupu. Mwenye nyeupe ana mfalme, askofu wa miraba myeupe, na askari wa ukingoni aliye mraba wa h6 (safu wima ya h, mstari wa sita), miraba miwili tu kabla ya kugeuka malkia. Wanapeana mikono: sare, nusu pointi kila mmoja.

Watazamaji huguna kwamba mwenye nyeupe kachoka, au kamhurumia mwenzake. Waliokulia kwenye bao ndio hubisha zaidi, na wana sababu. Katika bao la Kiswahili, aliyeishiwa kete mstari wa mbele, au aliyekosa namna ya kucheza, kafungwa. Wakiona mfalme mweusi hana pa kukanyaga, wanasubiri mshindi atajwe. Lakini sataranji hudai jambo moja zaidi: mfalme awe anashambuliwa. Kama zamu ni yake, hana hatua halali na hashambuliwi, ni sare. Sheria yenyewe imeyumba sana. Katika sataranji ya kale ya Waarabu, kumkwamisha mwenzako kwa kawaida kulihesabiwa ushindi. Uingereza ya karne ya 18, ajabu, aliyekwamisha ndiye aliyeshindwa.

Sasa kwenye kona yetu. Askofu huenda kimshazari tu, hivyo habadilishi rangi maisha yake yote: ubao una miraba 64, yake ni 32. Na h8, pale askari anapotaka kufika, ni mraba mweusi. Mchukulie askofu kama jahazi, na mfalme mweusi kama mdaiwa anayefukuzwa. Litafika Shela, litafika Matondoni, litazunguka Manda. Mdaiwa akishaingia vichochoro vya mtaa wa Langoni mjini, nahodha atafanya nini na tanga lake? Anaweza kuziba gati zote, na mdaiwa akaendelea kunywa kahawa.

Mfalme mweupe akiwa g6 na mweusi h8, askari akisogea h7 na kuilinda g8, mweusi kakwama bila kushambuliwa. Askari asiposogea, mweusi huenda g8 na kurudi h8, mpaka hatua 50 zipite bila kete kuliwa wala askari kusogea, na sare idaiwe.

Haya yote yanataka mfalme mweusi awahi kona; akichelewa, kashindwa. Askofu angekuwa wa miraba myeusi, kona isingemfaa kitu. Na mwenye nyeusi angekuwa na askari wake mmoja wa kusogeza, asingehesabiwa amekwama: angelazimika kumcheza, na huenda huyo wa ziada ndiye angemponza.