Ruhusa za watumiaji kwenye seva ya barua pepe: maana yake

Katika ofisi moja ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, karibu na Kilindini, nilikuta paswodi ya barua pepe imeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa kwenye ukingo wa kompyuta. Watu sita waliitumia. Hati za meli, ankara, karatasi za forodha, zote zilipita kwenye sanduku hilo moja. Mmoja wao alipoacha kazi, paswodi ikabadilishwa. Miezi miwili baadaye ndipo tulipogundua kwamba nakala ya kila barua ilikuwa bado inamfuata kwenye anwani yake binafsi.

Kusimamia ruhusa za watumiaji ni kuamua nani aingie kwenye sanduku gani, akishaingia afanye nini, na akiondoka afungiwe vipi.

Kutambuliwa ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine. Jina na paswodi huiambia seva, yaani kompyuta inayotunza na kupitisha barua, wewe ni nani, basi. Pasi ya bandarini hukupitisha getini, lakini haikupi ruhusa ya kufungua kontena la mtu.

IMAP, njia ambayo simu na kompyuta hutumia kusoma barua zinazokaa kwenye seva, ina utaratibu wa kugawa ruhusa za folda kwa herufi mojamoja. Mwenye l anaona kwamba folda ipo. Mwenye r anasoma. Herufi s huifanya seva ikumbuke kwamba barua fulani imeshasomwa. Bila hiyo, kesho itaonekana mpya tena. Herufi t ni ya kutia barua alama ya kufutwa, e ni ya kuziondoa kabisa zile zilizotiwa alama, na a ni ya kuwagawia wengine ruhusa. Kijana aliyekuja kujifunza kazi zinamtosha l, r na s. Herufi a haifai kuzagaa: aliye nayo anaweza kujiongezea zote zilizobaki.

Kutuma nako kuna ruhusa zake, na hapa wengi husahau. Seva isipolinganisha jina la aliyeingia na anwani anayoiweka kama ya mtumaji, karani aliyeingia kihalali kabisa anaweza kutuma barua ikaonekana imetoka kwenye anwani ya mkurugenzi. Postfix, programu ya seva ya kutuma na kupokea barua, inaweza kupangwa ikatae barua ya namna hiyo. Mteja anayeletewa ankara yenye namba nyingine ya benki hana njia rahisi ya kujua kwamba si mkurugenzi aliyeandika.

Mtu akiacha kazi, kubadilisha paswodi hakutoshi. Simu iliyokwisha kuunganishwa inaweza kuendelea kusoma mpaka muunganisho ukatwe. Kwenye Dovecot, programu ya seva inayowapa watumiaji barua zao kwa IMAP, kazi hiyo hufanywa na amri ya doveadm kick. Kagua pia kanuni za kupeleka barua kwingine, maana hizo hufanya kazi ndani ya seva na hazihitaji paswodi ya mtu. Akaunti usiifute siku hiyo hiyo, wateja bado wanaiandikia: zuia kuingia, kisha mpe mrithi wake ruhusa ya kusoma.

Pale ofisini sanduku la pamoja tuliliacha libaki. Watano waliobaki kila mmoja alipewa jina lake na paswodi yake, na karatasi ile nikaichana. Sasa barua ikifutwa, kumbukumbu za seva zinaonyesha nani aliifuta na saa ngapi.