Zawadi ya mwalimu: yanayosemwa na yalivyo

Shule zikikaribia kufunga Desemba, magrupu ya WhatsApp ya wazazi huanza kuchemka: mwalimu tumpe nini mwaka huu? Hapo husikii ushauri tu, unasikia na imani ambazo zimerudiwa mpaka zikawa kama sheria.

"Mpe mwalimu kitu kizito, mtoto atafaulu."

Nianze na hii kwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mtihani wa darasa la saba uko mikononi mwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kuanzia kutungwa hadi kusahihishwa, na mtahiniwa hujulikana kwa namba. Mwalimu uliyempelekea mbuzi Agosti hana la kufanya na alama za mtihani wa Septemba. Tena kitu kinachotolewa ili mtoto apendelewe hakiitwi zawadi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji na mpokeaji.

Mimi nina kipimo kimoja. Alama za muhula zimeshatoka? Mwalimu anaweza kuifungua ofisini mbele ya wenzake bila kuona haya? Basi peleka. Ikihitaji kupita mlango wa nyuma, rudi nayo.

"Khanga haikosei."

Hukosea, tena vibaya, maana khanga inasema. Mnunuzi anachagua rangi, muuzaji anakunja doti maandishi yakiwa ndani, pesa inalipwa, safari. Mwalimu anaikunjua nyumbani anakutana na "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Likizo nzima atajiuliza amemkosea nani. Au baba mtu, kwa nia njema kabisa, ampelekee mwalimu wa kike "Japo sipati tamaa sikati"! Hiyo sasa ni kesi ya wazee. Kwa watu wa Pwani na Visiwani haya si ya kufundishana, lakini wengine huona jina la khanga ni pambo tu. Ifungue dukani uisome. "Wema hauozi" itakufikisha salama.

Kitenge hakina maneno, ila kina fundi. Ukikitoa bila hela ya kushonea umemwachia mwalimu deni. Mwalimu wa kiume mtafutie kikoi, hakina saizi, shati utabahatisha.

"Zawadi ni ya Krismasi."

Kwa mwalimu Mkristo, sawa. Kwa Mwislamu, Idd hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo inaweza kuwa mbali kabisa na Desemba. Hilo halimnyimi zawadi ya kufunga shule. Angalia tu kapu ulilonunua limefungashwa nini: chupa ya mvinyo iliyojificha chini ya biskuti imeshaaibisha wengi. Na anayetaka siku isiyo ya dini yoyote, ipo Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994.

"Pesa taslimu ni dharau."

Si lazima. Noti ya mzazi mmoja, ikitolewa pembeni, hunuka hata kama nia ni safi. Mchango wa darasa zima ukikabidhiwa hadharani kwenye bahasha moja ni jambo jingine. Ila mchango ni hiari. Kubandika kwenye grupu orodha ya waliotoa na wasiotoa ni kudai deni, na mwalimu mwenyewe hakukutuma.

"Barua ya mtoto si zawadi."

Vikombe vya "Mwalimu Bora" hujaa kabatini. Mtu mmoja anywe chai kwa vikombe vingapi? Karatasi ambayo mtoto ameeleza siku aliyoelewa hesabu za sehemu haina ya pili yake. Mwache aandike mwenyewe, usimsahihishe. Ukimwandikia wewe, mwalimu atajua. Ameusoma mwandiko wa mwanao mwaka mzima.